Mbege Chungu Tuliyopeleka Kibosho

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana nilichokuja nacho leo si cha kunong'ona. Bwana asifiwe tena!

Mnanijua. Mimi ni Mama Prosper wa Uru, mpika mbege. Naona wengine mmeshaanza kuangaliana. Mama wa pombe anashuhudia nini kanisani? Tulieni. Paroko ameniruhusu, na hata asingeniruhusu ningesimama tu, maana Mungu aliponijibu hakunikuta nimepiga magoti mbele ya altare. Alinikuta nimeinamia pipa, mikono imejaa ulezi!

Mbege nimeipika tangu nilipoolewa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kuchemsha ndizi mbivu mpaka zigeuke nyekundu, kuotesha ulezi na kuusaga, na kuchemsha magome ya msesewe, mti ule unaoipa mbege uchungu wake. Nasema bila aibu: kwenye ubatizo, arusi, hata msiba, watu walikuwa wanauliza kwanza kama mimi ndiye niliyepika, ndipo wanakaa. Hicho ni kipaji, ndugu zangu, na aliyenipa ni Mungu.

Lakini nyumbani kwangu kulikuwa kunaungua. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakawa wanapanda mpaka huku juu kutafuta kahawa. Leo wanakubembeleza, kesho hawakujui. Baba Prosper, mume wangu, alikuwa mtu wa kahawa hasa. Kihamba chake, shamba lile la migomba na kahawa alilorithi, hukuona jani moja la magugu. Bei zilipoanguka, alivunjika moyo. Akang'oa mibuni ya baba yake kwa mikono yake mwenyewe, akakaa chini, akaanza gongo, ile pombe kali ya magendo.

Ndugu zangu, gongo ilimla! Alikuwa anaanza na mbege. Na mbege ya siku hizo nayo ilikuwa imeshachafuka, maana bia za kreti zilijaa kila kona na wapikaji wakatia sukari ili pombe yao ikamate upesi. Mimi sukari sikutia hata siku moja, lakini hata yangu ilikuwa kali, maana wanaume wa huku walipenda iwaangushe. Baba Prosper akimaliza kata moja, kibuyu kile cha kunywea, basi miguu inampeleka yenyewe kwenye nyumba ya gongo. Nimemfuata huko mara nyingi, nimemrudisha nimemshika mkono, watu wanacheka.

Mwisho akatapika damu. Tukamteremsha Moshi hospitali. Daktari, kijana mpole tu, akamwambia, "Baba, ukigusa gongo tena usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa fundi wa majeneza." Mume wangu akalia. Mtu mzima yule, analia mbele ya manesi! Akaapa hataigusa, na mimi nikamwamini.

Sasa sikilizeni nilivyobanwa. Prosper, mwanetu wa kwanza, alikuwa amepata mchumba Kibosho. Tulishaahirisha posa mara moja. Kuahirisha tena ni kuwaambia wakwe kwamba hatumtaki binti yao. Na ninyi mnajua desturi: posa inakwenda na mbege, na baba wa kijana ndiye anayeonja kwanza mbele ya wakwe. Haonji kwa ulimi tu, anamaliza kata nzima. Kama baba yuko hai, hakuna mwingine wa kumshikia kata. Asipokunywa, wakwe wanajiuliza pombe imewekwa nini.

Mume wangu akaniambia palepale kitandani, "Mama Prosper, mimi najijua, aisee. Nikimaliza kata moja ya mbege yako, sitarudi nyumbani. Nitapita kule."

Kule! Nilijua ni wapi. Basi nichague nini, ndugu zangu? Nimpotezee mwanangu mke, au nijipotezee mume?

Nilikaa kwenye benchi la hospitali na rozari yangu, nikamwambia Mungu maneno yasiyo na adabu. Nikasema, Bwana, wewe uligeuza maji kuwa divai. Mimi naomba kitu chepesi zaidi. Nipunguzie ukali tu!

Siku mume wangu alipougua nilikuwa nimetoka kuchemsha ndizi za posa. Niliziacha hivyohivyo, pipa liko wazi bandani karibu na mfereji. Kawaida yetu tunalifunika vizuri na kuliweka penye joto ili lichachuke. Na huo ulikuwa msimu wa baridi, ule ukungu unaoshuka kutoka mlimani na kukaa kutwa. Niliporudi nyumbani na mgonjwa wangu, nikakuta zile ndizi zimelala baridi, hazijachachuka vya kutosha. Nichemshe nyingine? Muda haukuwepo. Nikapika uji wa ulezi, nikatia msesewe wangu, nikachanganya na maji ya zile ndizi, kesho yake nikaenda misa ya asubuhi.

Nyuma yangu akaja wifi yangu Sesilia kunisaidia. Mama mkwe alitufundisha sote wawili kwamba mpika mbege haulizwi alichotia. Ni utovu wa adabu. Basi Sesilia hakuuliza mtu. Akaona nimechanganyikiwa na ugonjwa, akasema moyoni huyu hakutia msesewe, akachemsha wake akatia! Na Sesilia mkono wake mnaujua, haupimi.

Nilirudi nikachota kidogo nionje. Yesu na Maria! Uchungu ulinishika mpaka masikioni. Nikakaa chini nikalia. Sesilia naye alipojua akalia, tukawa wawili tunalia kando ya pipa, na wazee wanatungoja kuondoka.

Halafu kiu ikanishika, nikachota tena. Ndugu zangu, mbege ile ilikuwa ya baridi, safi, nyepesi. Uchungu wake haukuruhusu ubugie, ulikulazimisha unywe polepole, na ukimeza unabaki mdomoni unakuita tena. Nikamaliza kata nzima. Nikasimama, nikatembea mpaka zizini na kurudi. Kichwa changu hakikuzunguka! Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeomba kupunguziwa, na nimepunguziwa. Nikapiga kigelegele peke yangu, Sesilia akadhani nimerukwa na akili.

Tukaenda Kibosho. Baba Prosper akapokea kata. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama, rozari imefichwa ndani ya kitenge. Akanywa. Polepole, polepole, akamaliza. Akampa baba wa binti, Mzee Kasiani, mtu mrefu asiyecheka. Mzee akanywa, uso ukakunjamana.

"Mbe, mwenzangu, hii ni chungu kama dawa."

Prosper wangu aliinamisha kichwa. Mzee akanywa tena. Akalamba mdomo.

"Lakini mdomo unaitaka. Nani kapika?"

Mume wangu angeweza kusema ni wanawake tu, yakaisha. Akasimama, na ule wembamba wake wa ugonjwa, akasema, "Kapika mke wangu, meku, mzee wangu. Kali siiwezi tena. Gongo ilikuwa inaniua, sitaki mje kuyasikia barabarani. Hii naiweza."

Mbele ya wakwe! Nani amewahi kuona mwanamume wa huku anasema hivyo mbele ya wakwe? Mzee Kasiani alimtazama, kisha akasogeza kata yake. "Basi nami nitakunywa ya kwako," akasema. "Jaza." Vigelegele vikalipuka, binti akawa wetu.

Tangu siku hiyo naipika hivyo kwa makusudi. Naiacha baridi, naitoa mapema, msesewe natia wa wapikaji wawili. Watu wanatoka mpaka Bomang'ombe kuifuata, wanapita kreti za bia njiani wakija kwangu. Najivuna? Ndiyo, najivuna! Nikimficha Mungu kazi yake nitakuwa mwizi.

Lakini muujiza wangu si pipa. Jioni ile tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Wimbo waliokuwa wakiimba wenzangu sikuusikia. Nilikuwa naangalia miguu yake tu. Tukafika njia panda ya kwenda nyumba ya gongo. Miguu ile ikasimama. Nikasema Bwana, usiniache. Ikasogea, ikashika njia ya nyumbani. Na mpaka leo haijageuka!

Mama unayenisikia, unayemfuata mumeo kule kila jioni, usikate tamaa. Mwambie Mungu shida yako kwa maneno yoyote uliyonayo, hata yasiyo na adabu. Namshukuru yeye aliyenisikia. Aika, Ruwa wangu, asante Mungu wangu!

Na asiyeniamini ageuke nyuma, benchi la mwisho, karibu na mlango. Baba Prosper, simama wakuone.