Neno Moja kwa Laini ya Wembe

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu lililoegemea kibanda cha kinyozi, na kila mtu ana pake. Breki, dereva mstaafu, anakaa mwanzoni. Anafuata Betri, fundi redio, kisha Fundi Waya wa kampuni ya simu. Mwisho kabisa, karibu na mlango, ni pa Wembe, mwenye kibanda. Wembe amelazwa, kapigwa na kiharusi, na mlango una kufuli. Jioni hiyo Fundi Waya alipokea kikombe kwa Mama Kahawa bila hata kumtania, na wenzake wakajua kuna jambo.

— Sema, Fundi. Nani kakuudhi?

— Mfumo mpya wa kazini. Kila laini ya simu inataka neno moja tu: inatumika au haitumiki. Isiyotumika, namba yake anapewa mteja mwingine. Unaanza kesho.

— Sasa tabu iko wapi? akauliza Breki.

— Laini ya Wembe.

Breki akaligeukia kufuli la mlangoni.

— Nimeipima leo, nzima kabisa. Lakini imefungwa, shemeji, mkewe, ndiye aliyeomba ifungwe mpaka mzee apone. Na haina anayeitumia. Niandike nini?

— Andika mbovu.

— Watakuja kuing'oa, Breki!

— Basi andika inatumika, yaishe.

— Nitakuwa nimedanganya. Wakikagua, kazi sina.

Betri akakohoa, na Betri akikohoa hivyo, ujue mtakesha.

— Mimi nasema imelala. Waongeze neno "imelala".

— Na iliyokatika?

— Imezimia.

— Lo! akasema Mama Kahawa, akaweka birika chini. Hebu, Breki, hali yako kwa neno moja?

— Mzima.

— Una kazi?

— Sina.

— Una ruhusa ya kwenda mbali?

— Mke wangu kasema nisivuke hii barabara.

— Haya, mfumo ukuandike nini?

— Unigawe tu kwa mtu mwingine!

Wakacheka, hata Fundi Waya. Betri hakucheka, alikuwa bado anajenga mfumo wake.

— Dawa ni kila laini ijipigie ofisini asubuhi, iseme yenyewe inavyojisikia.

— Na iliyozimia itapigaje, Betri?

— Jirani yake ataisemea.

Hapo akatokea mama mmoja, mgeni, na mfuko mzito mkononi. Akaagiza kahawa, kisha akaonyesha mwisho wa benchi.

— Samahani, hapa pana mtu?

Breki akamtazama Betri. Betri akatazama kikombe chake. Mama Kahawa alishika birika asimimine. Fundi Waya angeweza kulia mbele yao. Ubao wa pale ulikuwa mzima, hakuna aliyeukalia, na hakuna kati yao aliyeweza kusema pako wazi.

— Kaa hapa kwangu, dada, akasema, akainuka.

Kahawa akaimalizia wima. Kisha akampigia bosi wake.

— Bosi, neno moja halitoshi. Tuulize matatu, kila moja na jibu lake. Ni nzima? Imeruhusiwa? Ina mtu?

Bosi akayarudia yote matatu.

— Haya, nitachelewesha mfumo tuyaongeze. Na hiyo laini inayokusumbua, ina mtu?

Fundi Waya akatazama pale mlangoni.

— Ina mwenyewe, bosi.