Fimbo ya Bwana Misitu

Puge, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Ofisi ya misitu imeiomba klabu yetu ya mazingira iandike habari za kumuaga Bwana Ezekia Bundala, nami Mwanne, katibu wa klabu, nimepewa kalamu. Naahidi kueleza yote, hata yale yanayotuaibisha sisi wanafunzi.

Jumatatu, tarehe 30, Bwana Bundala anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kutunza misitu. Alianza kazi Kwihara mwaka 1991, akiwa na baiskeli ya ofisi isiyo na breki. Akahamia Ntalikwa, kisha akaletwa kwetu. Hapa hakuna anayemwita kwa jina. Ni Bwana Misitu tu.

Chai yake haitiwi sukari. Hutembea na kichupa cha asali ya mizinga yake ya Kwihara mfukoni mwa shati. Siku moja kilivuja juu ya faili la vibali vya kuni, na kufikia asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa kila ukurasa. Aliwaambia wenzake kwamba hatimaye amepata wasomaji wa ripoti zake.

Kazi yake tunayoijua zaidi ni ngitili ya shule, yaani malisho tunayoyafunga mvua zinapoanza na kuwafungulia ng'ombe kiangazi kikali tu. Kwa kuwa hakuna anayekata humo, visiki vya zamani vimechipua na kuwa msitu. Wafadhili kutoka Ulaya wanatusaidia mizinga ya nyuki na posho ya walinzi. Sisi kila Septemba tunapima unene wa miti kwa utepe, usawa wa kifua, ili wajue msitu unakua kiasi gani.

Mwaka juzi walipima kaka na dada wa kidato cha nne. Mwaka jana tukapima sisi wa kidato cha kwanza. Majibu yalikuwa ya ajabu: msitu mzima umenenepa! Ripoti ikaenda, pongezi zikarudi. Mzee Mhoja, mlinzi wa ngitili, peke yake alikuna kichwa.

"Hata ng'ombe wangu hawanenepi namna hiyo," alisema.

Bwana Misitu akatupanga mstari kando ya mti mmoja, kila mtu aonyeshe alipopimia. Mikono yetu ilishika chini sana, karibu na pale shina linapotanuka.

"Miti haijanenepa, wanangu," alisema. "Wapimaji ndio wafupi."

Tulicheka. Msaada wa miaka mitatu zaidi ulitegemea hesabu ile. Wapo waliomshauri aache mambo yalivyo, kwani nani Ulaya angejua vifua vyetu viko wapi? Yeye akakata fimbo kutoka tawi kavu la mninga, mita moja na sentimita thelathini kamili, usawa wa kifua cha mtu mzima. Tukapima miti yote upya kwa siku nne, akaandika barua ya kusahihisha. Ukuaji halisi ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo.

Majibu yalichukua wiki sita. Wiki zote hizo Mzee Mhoja alikuwa akituita "mafundi wa kunenepesha". Wafadhili wakajibu kwamba wataendelea mwaka mmoja, kisha wataamua kwa vipimo vya Septemba hii.

Bwana Misitu, asante kwa visiki ulivyovitetea na kwa kutuaibisha kwa upole. Nyuki wako wa Kwihara wakupe asali tele, magoti yapumzike, na mkeo, mama Nyamizi, afurahi kukuona nyumbani mchana. Fimbo yako inaning'inia ofisini kwa Mwalimu Levina, mlezi wa klabu, na hakuna anayeruhusiwa kumchapa mtu nayo.

Jambo moja bado. Mwaka huu mvua zilikatika mapema, nasi tunaogopa majibu. Tutaandika kile fimbo itakachosema, hata kikiwa kidogo. Ila wageni watakapokuja kusomewa hesabu, atakayesimama mbele ni mimi. Je, utakuja kusimama nasi, ingawa hutakuwa tena kazini? Tafadhali mpe jibu dereva wa ofisi atakayekuletea maandishi haya, anarudi Puge Jumanne.