Mzee Bian Zhaolin, Aliyeyalea Maji Kwapani

Familia ya Bian wa kijiji cha Xiaoquan, wilaya ya Donghai, kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, inawatangazia ndugu, jamaa, majirani na wafanyabiashara wote wa soko la fuwele mliofika leo kwamba jiwe ni zima. Halijapasuka, halijauzwa, wala halijanywewa. Tumeanza na hilo kwa sababu kila aliyepita langoni tangu asubuhi ameliulizia kwanza, ndipo akakumbuka kutoa pole. Sasa mioyo ikiwa imetulia, tumzungumzie marehemu.

Mzee Bian Zhaolin alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapa hapa Xiaoquan, mtoto wa tatu wa Mzee Bian Youtian na Bi. Xu. Wazazi wake walilima karanga na viazi vitamu, ingawa jembe la huku, mnavyojua, hukutana na fuwele mara nyingi kuliko kiazi.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1949 hadi 1954. Mwalimu alipowataka wanafunzi waandike insha kuhusu watakavyoijenga nchi, yeye aliandika neno moja: "Nitachimba." Akapewa sifuri. Baba yake alipoitwa shuleni aliisoma insha yote, akauliza kosa liko wapi.

Mwaka 1958 aliingia kikosi cha wachimbaji. Fuwele safi zilikwenda serikalini, zenye dosari zikatupwa kwenye lundo. Katika lundo hilo, vuli ya mwaka 1966, aliokota jiwe la ukubwa wa yai la bata. Ndani yake mlikuwa na maji, na kiputo cha hewa kilichotembea kila alipoliinamisha. Maji hayo yalifungiwa humo jiwe lilipokuwa likikua, kabla hajakuwapo mtu wa kuyaona. Msimamizi alilitazama, akasema, "Jiwe lenye maji ni jiwe linaloumwa. Tupa hilo."

Mzee hakulitupa. Wenzake wawili waliookota mawe kama hilo waliyaweka rafuni majumbani mwao. Baridi ikaja, maji yakaganda na kuvimba, na asubuhi wakakuta vipande. Mzee akalitia lake kwapani, na huko ndiko lilikokaa kila majira ya baridi, akilima, akila, akigombana na watu.

Tarehe 4 Februari 1968 alifunga ndoa na Bi. Qiao Suyun. Theluji ilikuwa magotini. Bi. Suyun husimulia mwenyewe, bila haya, kwamba wageni walipoondoka alimkumbatia mumewe, akagongwa ubavuni na kitu kigumu.

"Hicho nini?"

"Jiwe."

"Siku ya arusi, mwanamume mzima, umekuja na jiwe?"

"Nikiliacha nje litaganda."

"Na mimi nikiganda?"

"Kwapa la pili liko wazi."

Kesho yake bibi arusi alishona mfuko ndani ya koti la pamba la mumewe, juu kabisa, na suala hilo likaisha. Walijaliwa watoto wawili, Haitao na Xiumei.

Miaka ya tisini soko liligeuka. Ile dosari ikawa hazina, na waliokuwa wakilitukana jiwe wakaanza kulisalimia. Mfanyabiashara mmoja wa Guangdong, mkoa wa mbali kusini, alikuja na gari jipya, akasema yuko tayari kuliacha hilo gari uani na kurudi kwao kwa miguu. Mzee alimpa chai, kisha akamwonyesha njia ya miguu.

Oktoba 2017 figo zake zilianza kuchoka. Hospitali ilifanya iliyoweza. Hapa lazima tumtaje Haitao. Ninyi mnaonunua mawe ya maji kwenye meza yake sokoni mnaujua wimbo wake: maji haya yalifungiwa kabla maradhi hayajazaliwa, kwa hiyo hakuna ugonjwa yasioushinda. Kwa miaka yote hiyo Haitao hakuamini neno hata moja. Miguu ya baba yake ilipovimba, akaanza kuamini. Mapema Januari 2019 aliingia chumbani na keekee, kijiko na bakuli safi.

"Baba, nipe jiwe. Nitatoboa tundu dogo tu."

"Nani amekuambia yanatibu?"

Haitao aliliweka bakuli kitandani.

"Hayo uliwaambia wateja," mzee akasema. "Mimi si mteja."

"Ni kijiko kimoja, Baba. Unakufa."

"Najua ninakufa, sijaomba ripoti. Maji yamekaa humo tangu kabla mtu wa kwanza hajapiga chafya, leo niyanywe mimi, kesho niyakojoe?"

"Basi unataka nifanye nini? Nikae nikuangalie?"

"Haitao," mama yake akasema kutoka jikoni, "weka hiyo keekee chini. Baba yako akishakataa, hata mimi huenda zangu kupika."

Haitao aliiweka chini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kama mtoto. Mzee alimwacha alie hadi akatosheka. Kisha akajipapasa ndani ya koti, akalitoa jiwe likiwa na joto lake, akamwekea kiganjani.

"Shika wewe. Mkono wangu haubani tena."

Mzee Bian alifariki nyumbani tarehe 23 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Ameacha mjane, Bi. Suyun, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu, na majira mengi ya baridi yanayohitaji mtu wa kuyasimamia.

Mchana wa siku hiyo, kabla mzee hajakata roho, Haitao aliinama sikioni mwake, akamwambia kile ambacho sote tungependa kumwambia hapa kaburini: "Pumzika kwa amani, Baba. Jiwe ninalo, liko kwapani."

Mzee alifungua jicho moja.

"La kulia?"

"La kulia, Baba."

"Lihamishie kushoto. Mkono wa kulia unapungia wateja."