Mama Vifaranga na Kuku wa Jumamosi

Ndugu wafiwa, walimu wenzake, na nyinyi watoto mliokaa mbele, mnivumilie.

Dada yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Vifaranga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, wa kwanza kati ya wanne. Mimi ndiye kitinda mimba, alinibeba mgongoni. Alimaliza sekondari mwaka 1986, akahitimu chuo cha ualimu 1988, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha sayansi katika shule ya msingi ya hapa jirani. Hakuhama hadi mwisho.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala. Shemeji husema alidhani anaoa mwalimu, kumbe ameoa na banda la kuku. Mwaka 2003 dada alianzisha chama cha watoto wafugaji: kila mtoto vifaranga wawili, awalee mwenyewe hadi siku ya maonyesho. Mwaka wa kwanza kuku mmoja alitaga mbele ya jaji, mtoto akaangua kilio. Dada akamgeukia jaji: "Haya, mzee, unataka ushahidi gani tena?" Wakashika nafasi ya pili.

Alianza kuugua figo Februari mwaka huu. Tarehe 2 Juni alilazwa, akaniachia kuku ishirini na wawili wa watoto kumi na mmoja. Mimi ni fundi cherehani, kuku nilikuwa namjua kwenye sahani tu. Siku ya tatu wakaruka uzio. Nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikawapunguza mbawa wote, nikajiona mjanja. Sikujua kwamba kuku aliyekatwa mbawa hapewi alama kwenye maonyesho. Watoto walipowaona ndio wakaniambia. Ole wangu!

Kila nilipokwenda wodini dada aliniuliza, "Wako sawa?" Nikamjibu, "Wako sawa, dada." Nilimdanganya mgonjwa mara tisa. Alifariki Jumatatu, tarehe 8 Julai, saa nne na dakika arobaini asubuhi, sijamwambia kweli.

Jana nikiandika haya, binti mdogo kuliko wote chamani alikuja mlangoni. Nikamwambia naogopa kusoma mbele za watu na uongo huu moyoni. Akasema, "Mjomba, mwalimu alijua. Tulikwenda wodini tukamwambia siku ileile. Akasema tusikuambie, utakata tamaa uache kuwalisha. Akasema tuingie shindano la kumshika kuku na kumweleza jaji habari zake. Pale jaji anampa alama mtoto, siyo kuku." Nililia mbele yake, sioni aibu kusema.

Ameacha mume, watoto wawili, wadogo zake watatu, na watoto kumi na mmoja ambao keshokutwa, Jumamosi, saa mbili asubuhi watasimama mbele ya jaji. Sharti wawe na mtu mzima. Nitakuwepo.

Mungu ampe pumziko lenye amani. Lala, dada. Kuku wamekula.