Jamvi la Tekla na Mikoche ya Nyuma ya Ukuta

Tekla alizaliwa mwaka 1941. Hapana, huo ni mwaka wa kaka yake, Polikarpo, anayewasomea haya. Tekla ni wa 1943, mwezi wa Februari, pale Bagamoyo, mwaka ambao mikoche, ile mitende ya porini, ilizaa mpaka watoto wakachoka kuguguna makoche. Mama yao alikuwa msukaji, na Tekla alijua kuchana miyaa, majani ya mkoche, kabla ya kujua kuchana nywele.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Siku moja mwalimu alimkuta anasuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mkoba, chini ya dawati, akamnyang'anya mbele ya wenzake. Baadaye akamwita pembeni: "Ule mkoba wako ungeisha lini?" Tekla akajibu, "Ungekuwa umeshaisha, mwalimu, usingekamatwa."

Mwaka 1963 alifunga ndoa na Bwana Leodegar, fundi wa kiwandani, wakahamia Mikocheni. Wakati huo mikoche ilikuwepo kweli. Huo mti hauna haraka. Unataka mchanga, na maji yasiwe mbali chini, hata yakiwa na chumvi unavumilia. Tekla alikata chipukizi moja, akaliacha linalofuata, maana mti ukivuliwa nguo zote hufa. Akasuka majamvi, mikoba na kamba, na mabaki akafungia mafagio.

Mwaka 1991 mumewe akapunguzwa kazi, jamvi likawa ndilo sufuria la nyumba. Miaka hiyohiyo viwanja vikapimwa. Mikoche mingi ikakatwa, michache ikabaki ndani ya ukuta wa jumba moja. Mwenye jumba alimruhusu aingie. Mwaka huu akauza.

Bintiye Felicitas anaolewa Oktoba, na kwao binti haingii kwa mume bila jamvi lililosukwa na mama yake. Jamvi lilikuwa limebakiza kili chache tu kuisha, na miyaa imemwishia. Mwezi wa Agosti Tekla akabisha hodi kwenye geti la jumba lile, mlinzi akachungulia.

"Shikamoo, bibi. Bosi mpya kasema watu wa miyaa basi."

"Marahaba, mwanangu. Mie naingia humu tangu ukuta huu haujawa tofali."

"Mie nalinda tu, bibi. Nenda Kinyerezi, huko ipo ya bure."

Akaenda Kinyerezi. Akarudi na mzigo kichwani na mwiba wa mkoche kisiginoni. Msukaji hashangai mwiba. Akautoa kwa sindano, akapaka mafuta ya taa, akakaa kusuka.

Baada ya siku kadhaa taya likakaza. Wasukaji huvuta chane za miyaa kwa meno, basi kila aliyemjua alisema neno lile lile: taya limechoka na miyaa. Yeye mwenyewe alicheka kwa tabu, "Felicitas, harusi yako itaning'oa meno." Wakamkanda maji ya moto. Mgongo ulipopinda ndipo wakamkimbiza hospitali, na daktari akasema ni pepopunda ya ule mwiba, wamechelewa. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Septemba 1995, alfajiri, vidole vimekunjana kama vimeshika ukili.

Jamvi hilo la harusi, pembe moja haijamaliziwa, ndilo mlilolikalia tangu juzi msibani. Watu waliona haya kulikanyaga. Felicitas akalitandika mwenyewe: "Kalieni. Mama hakusuka likae kabatini."

Ameacha mume, Leodegar, watoto, Felicitas na Allen, wajukuu, na kaka, Polikarpo. Mungu ampe mahali pa kukaa, yeye aliyewatandikia wengine.

Jana, akitoka kuulizia jeneza, Polikarpo alipita kwenye ukuta ule akaona moshi. Mlinzi alikuwa anachoma makuti ya mkoche, na machipukizi mabichi yakiwa humohumo, ndiyo usafi wao wa kila wiki. Polikarpo alisimama getini, kofia mkononi, akauliza. Dirishani juu pazia likasogea, likarudi.

Polikarpo aliuliza hivi tu: "Hiyo miyaa mnayoichoma, mngepungukiwa nini angeingia akaichukua?"