Mashahidi Watatu wa Video ya Baba

Wazee wangu, shikamooni. Wanajumuiya wenzangu, tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti amenipa dakika tano, na anajua fika kwamba kujitambulisha tu mimi hutumia mbili.

Mnanijua. Niliondoka hapa Ngara na begi moja la shule. Kule Dar es Salaam nilibeba zege mchana na kusoma jioni, hadi nikapata diploma ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nikarudi, nikafungua steshenari pale Rusumo, na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wakapanga foleni mlangoni kwangu. Nilikuwa mtu. Sasa sikieni jinsi mtu anavyoanguka.

Baba alipoona nguvu zinamwisha, alimkatia dada yake kipande cha shamba la migomba. Ni huyu shangazi yangu mjane, amekaa pale mbele. Kwa desturi yetu, miti ya mpaka ikishapandwa pombe ya ndizi inatolewa, na wanaokunywa ndio mashahidi. Walikunywa watatu. Mimi nikarekodi video, baba akitembea mpakani na kutaja mti hadi mti.

Siku hiyohiyo nilimpigia rafiki niliyesoma naye, kujisifu kidogo. Akauliza, "Umeipiga muhuri?" Akanielekeza. Ndugu zangu, nawaambia, hicho ni kitu cha ajabu. Kuna daftari linaloitwa blokcheni. Halikai katika ofisi moja; nakala zake zinatunzwa na kompyuta nyingi za watu wasiojuana, duniani kote, kwa hiyo hakuna wa kuchana ukurasa. Video yenyewe huipeleki. Unapeleka alama yake, mfano wa alama ya dole gumba: mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaotokana na faili hilo tu. Gusa hata nukta moja ya faili, alama inageuka yote. Daftari linaandika alama na saa lilipoipokea.

"Weka kwenye madaftari matatu tofauti," akasema.

"Moja linatosha. Unamfundisha nani?"

"Nakufundisha wewe. Kwani pombe ya mpaka mlimnywesha mtu mmoja?"

Nikaweka kwenye matatu huku nikinung'unika. Video nikaitia kwenye memori kadi, nikampa shangazi aitunze.

Mwaka uliofuata baba akafariki. Kati ya wale watatu waliokunywa, mmoja alikuwa ameshamtangulia, mwingine alihamia kwa mwanawe Nyantakara, kule Biharamulo, na wa tatu ghafla akasema hakumbuki kitu. Hapo mtoto wa baba mdogo, simtaji, akang'oa miti ya mpaka na kupanda mahindi mpaka mlangoni kwa shangazi. Baraza la kata likatuita. Nikatoa video. Jamaa akacheka.

"Huyu? Si ndiye aliyetuonyesha mbuzi anaimba kwaya kwenye simu? Aliyemwimbisha mbuzi atashindwaje kumsemesha marehemu?"

Ilikuwa kweli. Kilabuni nilikuwa nimemwimbisha mbuzi kwa programu ya kughushi video, tena nikatamba, "Nipeni picha ya yeyote, nitamfanya aseme nitakalo!" Mdomo wangu mwenyewe ukanishitaki. Steshenari ikakauka. Mtu akitaka kopi ya cheti alivuka barabara kwenda kwa jirani, eti nisije nikambadilishia jina. Na shangazi akaambiwa ajiandae kuhama.

Kikao cha mwisho nilikwenda kifua mbele na kompyuta yangu. Nikafungua daftari la kwanza: kimya. Lilikuwa dogo, watunzaji wake walichoka, likazimika. Watu wakaguna. Nikafungua la pili, nikapima video iliyokuwa kwenye simu yangu: alama hazifanani.

"Mwimbishe na mbuzi basi!" mtu akapaza sauti nyuma.

Nikapima tena; hazifanani. Ndipo nikakumbuka: nilishabadilisha simu, na video ile nilikuwa nimeichukua kwenye grupu la familia. Video ikipita huko hubanwa ili iwe nyepesi. Sura ni ileile, sauti ni ileile, lakini faili ni jingine. Na diploma yangu yote, nikasahau hilo!

"Mwanangu," shangazi akasema, akifungua pindo la kitenge, "si hii uliyonipa?"

Memori kadi.

Nikapima. Mwenyekiti wa baraza akasoma herufi moja moja, katibu akifuatisha kwa kidole. Daftari la pili likakubali. La tatu likakubali. Saa ilikuwa ya jioni ileile ya pombe, wakati baba bado anakwenda misa kwa miguu yake.

Mwenyekiti, mtu makini, akauliza, "Na kama uliighushi jioni hiyohiyo?"

Swali zuri. Daftari halijui nani amesema kweli. Linajua tu kwamba faili lilikuwepo saa ile na halijaguswa tangu hapo. Kabla sijafungua mdomo, mzee wa Nyantakara, aliyedamka kuwahi basi, akainuka na fimbo yake.

"Nilikunywa. Na video hiyo tuliitazama na marehemu mwenyewe, akajicheka kwamba amezeeka. Mnaniona mle ndani? Koti nililovaa ni hili hapa, hata kifungo bado hakijashonwa."

Baraza zima likacheka, na safari hii sikuchekwa mimi. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu: madaftari mawili na mzee mmoja. Shangazi yuko shambani kwake hadi leo.

Nawashukuru: rafiki yangu mbishi, mzee wa koti, na wewe shangazi, uliyekitunza kitu kidogo kama ukucha vizuri kuliko mimi mwenye cheti ukutani. Ninachowaachia ni hiki: usiutegemeze ukweli wako kwa shahidi mmoja, hata awe kompyuta, na usijisifie uongo unaoweza kuutunga, maana siku ya ukweli utahitaji kuaminiwa.

Wiki iliyopita yule ndugu nisiyemtaja alikuja dukani na video ya mpaka wake mwenyewe. Hakunitazama usoni. Akasema, "Nipigie na mimi muhuri ule. Kote kote."

Nikampigia kwenye matatu. Halafu nikamuuliza pombe walikunywa wangapi.