Redio Nzima za Fundi Bildad

Fundi Bildad Ndung'u alikuwa na bisibisi mdomoni, redio wazi mbele yake, nyingine zikingoja sakafuni. Wasikilizaji wapendwa, ndivyo binti yake Bilha anavyomkumbuka, dukani kwake hapa Kisumu, Agosti 1972. Fundi ametuacha wiki hii.

Siku hizo redio zilinyamaza. Watu walianika mawe ya redio, yaani betri, juani, kama tufanyavyo yakichoka. Yalipokataa, wakaja kwa fundi, wamenuna.

Mama Dorca kutoka Usenge alikaa mlangoni. Kaka yake alikuwa amefariki Nairobi. Mwili ungekuja kwa treni, lakini siku gani? Siku ingetajwa kwenye matangazo ya vifo, na redio ilikuwa ikivuma tu. Asiposikia, kaka yake angefika Kisumu bila mtu wa kumpokea.

"Mama, redio yako ni nzima," fundi alisema.

"Nzima na haisemi?"

"Nimekagua kila waya. Nzima."

"Hata kaka yangu ana mikono na miguu yote, fundi. Naye ni mzima?"

Bilha anasema baba yake aliifungua tena redio ile ile.

Nieleze polepole. Jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme, na huvuma daima. Siku hizo jua lililipuka, upepo ukaja kwa kasi kubwa mno. Dunia ina nguvu ya sumaku, ile inayogeuza sindano ya dira, nayo hutukinga. Upepo ukiipiga vikali, kinga hiyo hutikisika. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Juu angani kuna tabaka linalorudisha chini sauti za masafa mafupi. Dhoruba ikilivuruga, sauti hupotea njiani.

Redio zilikuwa nzima. Narudia, redio zilikuwa nzima. Na mawe tuliyaanika kwenye jua lile lile lililoleta taabu.

Fundi alipoelezwa haya, miezi baadaye, alikasirika upya. "Sasa jua nalo," alimwambia Bilha, "nilifungue kwa bisibisi gani?"

Bilha, na mama yako Waithira, poleni sana. Sisi wengine tujiulize: mtu akituletea shida tusiyoielewa, tunamfanyia nini wakati bado hatuielewi?

Mama Dorca alimpokea kaka yake. Msibani juzi alinisimulia jinsi yeye na fundi walivyoanza kuingojea treni. Jioni ile fundi aliitupa bisibisi mezani. "Mama, simama. Twende stesheni."

Treni ilifika. Abiria wakashuka, mizigo ikashuka. Jeneza halikuwemo.

"Umenitembeza bure, Bwana," Mama Dorca akasema.

"Nimekutembeza. Kesho tunarudi."

"Na redio yangu umeiacha wazi."

"Itangoja," fundi akasema. "Kesho treni ni saa ngapi?"